Lenzi moja kwa safari ya Iringa: tathmini ya Canon EF-S 18-135mm IS USM

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita 500 hivi za lami, na njia nzima ina cha kupiga picha: Uluguru imesimama nyuma ya mji wa Morogoro, twiga wa Mikumi wanavuka barabara, kisha mibuyu ya bonde la Ruaha, kona za Kitonga, na mwisho nguzo za udongo za Isimila. Taabu ni kwamba karibu kila kimoja kinadai lenzi ya aina yake, na barabara haikupi nafasi ya kubadilisha. Lori likipita linakuachia vumbi usoni. Twiga akivuka, ndiyo basi. Kwa mwenye kamera ya Canon ya DSLR (yenye kioo ndani) na sensa ndogo ya APS-C, lenzi tunayoipendekeza kwa njia hii kuliko nyingine zote ni EF-S 18-135mm f/3.5-5.6 IS USM. Ina kasoro zake, na hapa zitatajwa pale zinapojitokeza njiani.

Ilitoka mwaka 2016 pamoja na kamera ya EOS 80D. Ina uzito wa gramu 515, filta yake ni ya milimita 67, na umbali wa karibu kabisa inaoweza kufokasi ni sentimita 39, zikihesabiwa kutoka kwenye sensa, wala si kutoka kioo cha mbele. Kwa sensa hiyo unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo 18mm inakupa upana wa 29mm na 135mm inakuvutia kama 216mm za kamera ya sensa kubwa. Herufi EF-S zina maana yake: lenzi hii haifungi kwenye kamera za sensa kubwa kama 6D wala 5D, usijaribu kuilazimisha. Kwenye kamera za Canon zisizo na kioo ndani, R7, R10 na R50, inafunga kwa adapta ya EF-EOS R na inafanya kazi zake zote.

Uluguru

Ukitoka Dar, Uluguru unaikuta mkono wa kushoto, upande wa kusini wa barabara. Abiria wa mbele kwa magari yetu anakaa kushoto, kwa hiyo kiti ni chake. Lakini kabla ya kulaumu lenzi kwa picha iliyofifia, angalia kalenda. Mwezi Juni na Julai jua letu linapita kaskazini, linaimulika milima usoni, mabonde na mistari ya miti inaonekana hadi juu. Desemba na Januari jua linachomoza kusini-mashariki, yaani nyuma ya milima, na asubuhi unapata ukuta wa kijivu tu. Msimu huo subiri alasiri, jua linapogeukia magharibi na kuanza kupiga miteremko kwa ubavu. Na mara nyingi kilele huvikwa mawingu kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, hivyo wa Juni naye awahi.

Milima ile inapigwa vizuri kati ya 50mm na 100mm. Kwa 18mm Uluguru inageuka kichuguu chenye anga kubwa juu yake. Hilo ndilo kosa la kwanza la wengi, kudhani mandhari kubwa inataka lenzi pana. Funga kitundu cha kupitisha mwanga hadi f/8 (namba ya f ikipanda, kitundu kinazidi kuwa kidogo). Hapo ndipo lenzi hii ina ukali wake wote, kati na pembeni. Ukifika f/11 bado uko salama, lakini f/16 kwenye sensa ya megapikseli 24 inaanza kulainisha majani, na inakuonyesha kila punje ya vumbi iliyokaa kwenye sensa.

Filta ya polaraiza ya 67mm ndiyo nyongeza ya kwanza kununua. Watu huinunua kwa ajili ya anga la buluu. Kwa Uluguru kazi yake kubwa iko kwenye majani. Mvua ikishanyesha, kila jani lina mng'ao mweupe unaokula kijani chake. Zungusha filta taratibu, robo mzunguko inatosha kutoka hafifu hadi kali, na utaona mng'ao ukiondoka na mlima ukipata rangi. Kujua wapi ina nguvu: nyoosha kidole cha shahada kulielekea jua, simamisha dole gumba likae mraba na kidole hicho, kisha zungusha kiganja. Kila sehemu ya anga dole gumba linakoelekea ndiko polaraiza inafanya kazi zaidi. Kwa 18mm lenzi inaona nyuzi 64 za upana, kwa hiyo anga linatoka na doa jeusi upande mmoja na weupe upande wa pili, na doa hilo halirekebishiki kirahisi kwenye kompyuta. Tumia polaraiza kuanzia 35mm kwenda mbele. Na uondoe kwanza filta ya UV kama umefunga. Filta mbili zikipandana zinatia giza kwenye kona za picha ya 18mm.

Hapa inakuja kero ya kwanza. Canon haikuweka hudi, ile kinga ya jua ya mbele ya lenzi, ndani ya boksi. Hudi yake, EW-73D, inauzwa peke yake, na bila hudi jua la ubavuni linapunguza uzito wa rangi sana. Ukiifunga, vidole havifiki kwenye filta kuizungusha. Dawa ni kuvua hudi, kuweka filta sawa, kuirudisha. Inachosha, lakini ndivyo ilivyo.

Picha kutoka garini

Anayeendesha haigusi kamera. Hili halina mjadala.

Kwa abiria, hesabu ni rahisi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Shata ya 1/250 ya sekunde inaliacha lisogee sentimita 9 picha ikiwa bado inachukuliwa. Ya 1/1000 sentimita 2 na kidogo. Kwa mlima ulio kilomita tatu mbali, hizo si kitu. Kwa kichaka kilicho mita kumi kutoka dirishani, hata 1/1000 kwa 18mm inakiacha kimepakwa. Kwa hiyo usijaribu kugandisha vya karibu. Chagua vya mbali, na pale majani ya ukingoni yanapopisha uwazi, bonyeza. Jua likiwa kali, f/8, 1/1000 na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ya 250 hadi 400 vinatosha. IS, mfumo wa kutuliza picha, unazuia mtikiso wa mikono tu. Hausaidii lolote kwa mwendo wa gari. Vilevile usiegemeze lenzi wala kiwiko kwenye kioo au mlango, maana mtetemo wa injini unapanda moja kwa moja hadi kwenye picha. Shika kamera hewani, viwiko vimebana mbavu.

Ndani ya gari polaraiza itolewe. Sababu ni mbili. Inakula hatua moja hadi mbili za mwanga (kila hatua ni nusu ya mwanga) ambazo shata inazihitaji. Na vioo vya ubavuni vya magari na mabasi vimekaushwa kwa joto ili viwe vigumu. Ukivitazama kwa polaraiza vinatoa madoa na mistari ya upinde wa mvua. Wengi hudhani filta yao ni feki. Filta ni nzima, kioo ndicho kinachofanya hivyo. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa namna nyingine, tabaka mbili zilizobandikwa, na hakina tabia hiyo kwa kiasi kile.

Kioo kikiwa na matone au vumbi, fokasi inaweza kuyumba, inakwenda mbele na kurudi bila kushika. Fokasi kwanza kwenye kitu cha mbali, kisha sukuma swichi kutoka AF kwenda MF na uiache hapo. Usizungushe pete hadi mwisho ukidhani ndiko mbali kabisa: pete ya lenzi hii ni ya umeme, haina mwisho unaoushika kwa mkono, na inaweza kupita umbali wa milima. Kamera ikizimwa, pete hiyo haifanyi chochote.

Kwa sifa yake kubwa ya kiufundi, injini ya fokasi ya Nano USM, barabara hii ndiyo mtihani wenyewe. Inaruka kutoka mti wa karibu hadi kilima cha mbali mara moja, bila mlio. Toleo la awali la lenzi hii, lenye injini ya STM, la mwaka 2012, nalo ni kimya, lakini kwa kitu kinachokuja mbio upande wako, treni ya SGR kwa mfano, linabaki nyuma. Treni hiyo imekuwa kivutio kipya tangu ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Nguzo zake za umeme na njia zilizoinuliwa zinaonekana kutoka barabarani sehemu kadhaa.

Mikumi

Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na ndani ya kipande hicho lenzi hii inaonyesha kikomo chake. Hesabu tena. Twiga wa mita tano akiwa mita 50 kutoka kwako, kwa 135mm anajaza fremu karibu yote juu hadi chini. Tembo wa mita tatu anajaza zaidi ya nusu. Swala pala asiyefika mita moja begani anapata sehemu moja ya sita tu, na hapo huwezi kukata picha sana bila kuharibu manyoya. Kwa hiyo: twiga na tembo ndiyo, swala kwa shida, ndege sahau.

Ukienda Iringa, uwanda wa Mkata na lango la hifadhi viko mkono wa kulia. Picha nzuri za 135mm hapa zinapatikana kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Kati ya hapo ardhi inatoa joto, hewa juu ya majani inacheza mazigazi, na kila mnyama aliye zaidi ya mita 100 anatoka kama amepigwa kupitia maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoondoa hilo. Anayerudi na picha za saa saba mchana zilizovimba kingo, asiipeleke lenzi kwa fundi.

Vibao vya mwendo vifuatwe, na kuna faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa. Usishuke garini ndani ya hifadhi, hata kama tembo anaonekana mpole. Anayetaka kutulia na wanyama alipe kiingilio langoni na aje na lenzi ndefu. EF-S 55-250mm IS STM, ya mwaka 2013, ina gramu 375 tu na inakaa mfukoni mwa begi bila kuonekana.

Mibuyu ya Ruaha Mbuyuni

Ukishuka kuelekea bonde la Ruaha Mkuu hewa inabadilika, joto linapanda, na pande zote mbili za barabara unakuta mibuyu kwa mamia. Hapa ndipo lenzi inajilipa.

Mbuyu mmoja mkubwa una njia tatu za kupigwa na zote tatu zimo kwenye lenzi hii moja. Ya kwanza ni ya 18mm, umesogea karibu, umeinua kamera. Ndiyo anayoianza kila mtu na ndiyo mbaya kuliko zote: shina linavimba chini, matawi yanakimbilia katikati, mti unaonekana unaanguka kinyumenyume. Lenzi yenyewe kwa 18mm inapinda mistari ya pembeni kwenda nje, na kwa kitundu wazi kona zake ni laini. Kupinda kunarekebishwa na programu au na kamera yenyewe ukiwasha marekebisho ya lenzi. Mti kuanguka hakurekebishwi vizuri. Rudi nyuma hatua 30 au 40, weka 35mm hadi 50mm, shika kamera sambamba na ardhi. Mbuyu unasimama.

Njia ya pili ni kuvuka barabara, kwa kuangalia malori pande zote mbili, na kurudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, kisha kuvuta hadi 100mm au 135mm. Sasa mibuyu iliyoachana mita mia inakaribiana, shina juu ya shina, na mteremko wa milima unasimama nyuma yake kama pazia. Picha ya msitu wa mibuyu inatoka hivi, si kwa lenzi pana. Kwa 135mm funga hadi f/8 na hakikisha mti wa mbele uko mbali. Ukiwa na mbuyu mita 15 na milima nyuma, vyote haviwezi kuwa vikali kwa pamoja, chagua mbuyu.

Ya tatu ni gome. Sentimita 39 kwa 135mm lenzi inakupa ukuzaji wa 0.28, maana yake fremu nzima inabeba kipande cha sentimita 8 kwa 5 na nusu. Kwa lenzi ya safari huo ni ukaribu wa kutosha kabisa. Gome la mbuyu kwa kipimo hicho halina rangi moja: kuna kijivu, kuna zambarau iliyopauka, kuna kijani chembamba kinachojitokeza pale ngozi ya juu ilipokwaruzwa, na mikunjo yake inalala kama ngozi ya goti la tembo. Makovu ya zamani yameshafunikwa, yamebaki vinundu laini vinavyong'aa. Jua lipige kutoka ubavuni. Jua la usoni linaifuta mikunjo yote. Kwa ukaribu huo kina cha ukali ni chembamba mno, kwa hiyo f/11, IS iwe imewashwa, na piga picha nne au tano mfululizo, kwa kuwa mwili unayumba mbele na nyuma bila wewe kujua, na IS haitulizi mwendo huo.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba hivi, mibuyu haina majani na matawi yake yanaandika vizuri juu ya anga. Mvua zikianza inavaa majani na inakuwa mti mwingine kabisa, mzito, wa kijani. Kila msimu una wapenzi wake. Kwa macho yetu, mbuyu uchi wa saa kumi na mbili asubuhi haushindwi.

Pale kijijini mbele ya vibanda kuna vitunguu, vyekundu, vimefungwa kwenye nyavu na kupangwa marundo. Ganda la kitunguu kwa 135mm ni kama karatasi ya shaba iliyochanika. Ila marundo yale ni biashara ya mtu. Shikamoo kwanza, nunua hata kilo mbili, kisha "Mama, naomba nipige picha ya vitunguu vyako." Akikataa, umekataliwa, funga kamera. Ya kumpiga mtu kwa siri kutoka ng'ambo kwa 135mm isifanywe. Lenzi ina uwezo huo na ndiyo sababu ya kusema. Polisi, vituo vya mizani na maeneo ya jeshi havipigwi kabisa.

Kitonga

Kupanda Kitonga barabara ni nyembamba, kona zimefuatana, malori yaliyobeba mizigo ya nchi jirani yanapanda kwa mwendo wa miguu na yale yanayoshuka yananuka breki. Usisimame kwenye kona. Usisimame mahali ambapo nusu ya gari inabaki barabarani. Kuna sehemu chache pana ambapo malori hupumzika, na hizo tu ndizo za kushukia, kwa mlango wa upande wa nje, mbali na lami.

Ukipata mahali hapo, picha ni moja: 100mm hadi 135mm, kona mbili au tatu zikiwa juu ya nyingine, na msururu wa malori juu yake. Shata 1/500, f/8. Moshi wa dizeli unatanda bonde zima wakati hakuna upepo. Polaraiza inaupunguza kidogo sana, usitegemee. Mvua ikishapita hewa inakuwa safi kwa saa moja au mbili, na hapo bonde linaonekana hadi chini.

Isimila na jioni ya Iringa

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini ukifuata barabara ya Mbeya. Ni eneo la zana za mawe za kale, na karibu yake kuna korongo lenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji. Chini ya korongo hilo ndipo utakaposema lenzi ni fupi upande wa upana. Nguzo ziko juu yako, kuta ziko karibu, na 18mm haichukui nguzo nzima. Mwenye EF-S 10-18mm IS STM aje nayo: ni gramu 240, na filta yake ni 67mm vilevile, hivyo polaraiza moja inahudumia lenzi zote mbili. Asiye nayo aunganishe picha: kamera wima, 24mm, weka M (mipangilio ya mkono) ili mwanga usibadilike kati ya picha moja na nyingine, funga fokasi, piga tano au sita kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikirudia theluthi ya iliyotangulia. Programu ya kuunganisha itamaliza kazi. Saa sita mchana nguzo zina weupe wa chaki na vivuli vyeusi. Baada ya saa kumi zinapata rangi yake.

Mawe yale ya kale, mashoka ya mkono, pigia kwa 100mm na zaidi, ukiweka kitu cha kipimo pembeni, sarafu au kalamu. Muulize mwongozaji kabla ya kugusa.

Jioni mjini Iringa watu wengi hupanda jiwe la Gangilonga kutazama jua likizama. Hapa f/5.6 ya 135mm inakwama mapema: robo saa baada ya jua kuzama utakuwa kwenye ISO 3200 na picha ina punje. Rudi 18mm upate f/3.5. Canon inasema IS inatoa hatua nne. Kwa vitendo, kwa 18mm hesabu 1/8 ya sekunde kuwa salama na 1/4 ni ya bahati, kwa 135mm usishuke chini ya 1/30. Upepo wa juu ya jiwe una nguvu. Kaa chini, kamera juu ya magoti, bonyeza kwa saa ya sekunde mbili ili kidole kisitikise.

Vumbi, ukungu na kuvu

Lenzi hii haina kinga ya vumbi wala maji. Ukivuta kutoka 18mm kwenda 135mm pipa linatoka nje na linavuta hewa ndani, na hewa ya kando ya barabara ya vumbi inaingia na ilichobeba. Punje chache ndani ya lenzi hazionekani kwenye picha, usizihangaikie. Zinazoonekana ni zile za kwenye sensa, na hizo huingia wakati wa kubadilisha lenzi. Faida kubwa ya lenzi moja ndiyo hii. Vumbi la kwenye kioo cha mbele lipulizwe kwanza kwa puto la mkono, kisha brashi laini, kitambaa kiwe cha mwisho. Anayeanza na pindo la shati anasugua mchanga juu ya kioo.

Kosa linaloharibu asubuhi nyingi ni kiyoyozi. Gari limepoa, kamera imepoa nayo, unashuka Chalinze kwenye joto lenye unyevu wa pwani, na kioo kinafunikwa ukungu papo hapo. Kufuta hakusaidii, unarudi. Zima kiyoyozi dakika kumi au kumi na tano kabla ya kusimama na fungua madirisha, au acha kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la nje.

Kwa mkazi wa Dar, Tanga au Zanzibar, adui mkubwa kuliko vumbi ni kuvu. Begi la kitambaa ndani ya kabati lenye unyevu linaotesha kuvu kwenye vioo. Weka lenzi kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, na pakiti za silika zinazobadilishwa au kukaushwa zikilowa.

Ipi ununue, na unakaguaje iliyotumika

Kuna 18-135mm tatu za Canon na wauzaji huzichanganya: ya 2009 isiyo na STM wala USM, ya STM ya 2012, na hii. Zote filta zake ni 67mm, kwa hiyo usitambue kwa ukubwa. Hii ina maandishi ya nano USM mwilini, na upande wa chini wa pipa ina safu ya vidoti vya shaba kwa ajili ya adapta ya kuvuta kwa umeme, PZ-E1. Vidoti havipo, si yenyewe. Adapta hiyo, inayotumia betri nne ndogo za AAA, ni ya wapiga video. Kwa safari iache. Ukiwa unapiga picha tu na fedha ni kidogo, STM ina picha karibu sawa na hii na hupatikana kwa bei nafuu zaidi. Ile ya 2009 iache, fokasi yake ni ya polepole na ina kelele.

Mwenye R50 au R10 ambaye hana lenzi yoyote ya zamani asinunue hii na adapta. RF-S 18-150mm IS STM ina gramu 310, inafunga moja kwa moja na inafika mbali zaidi kidogo. Inapoteza mwanga kidogo mwishoni, f/6.3, na filta yake ni 55mm.

Ukikuta iliyotumika, ya Kariakoo au ya mtandaoni, nenda na kamera yako na tochi. Fungua mfuniko wa nyuma, pitisha mwanga kwa mshazari: kuvu inaonekana kama utando wa buibui au nyuzi za pamba. Ikiwepo, iache hata kwa nusu bei. Zungusha pete ya kuvuta mwanzo hadi mwisho. Inapaswa kwenda kwa uzito mmoja bila kukwaruza. Jaribu kufunga filta ya 67mm, maana lenzi iliyoanguka huwa na ukingo uliobonyea na filta haiingii. Washa IS, bonyeza nusu: mvumo mdogo ni kawaida, picha kurukaruka kwenye kitazamio si kawaida. Mwisho tafuta ukuta wa matofali, simama uso kwa uso nao, piga kwa 18mm, 50mm na 135mm kitundu kikiwa wazi, kisha kuza picha kona zote nne. Kona nne zikiwa laini sawasawa kwa 18mm, ndiyo tabia yake. Kona moja ikiwa laini na nyingine kali, kioo cha ndani kimekaa upande, na kukirudisha mahali pake kunaweza kugharimu zaidi ya lenzi yenyewe.